Ulaya ya karne ya 20 chuoni: usome historia ya siasa au historia ya jamii?

Ukifika mwaka wa pili kwenye idara ya historia, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Leeds au Leipzig, utakuta njia panda hii. Upande mmoja kuna kozi ya siasa za Ulaya kuanzia vita vya 1914 mpaka kuvunjika kwa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991: mikataba, vyama, mapinduzi, mawaziri wakuu. Upande wa pili kuna historia ya jamii ya miaka ileile: kazi, ndoa, nyumba, chakula, kanisa, vijana, wahamiaji. Majina ya kozi hutofautiana, na vyuo vingine huziunganisha kwenye karatasi, lakini ukiisoma orodha ya vitabu utajua mara moja mhadhiri amesimama upande gani.

Mtaani inasemwa kwamba ya siasa ni ngumu na ya jamii ni ya hadithi. Mimi naona ni kinyume, hasa kwa mwanafunzi anayesoma kwa Kiswahili na Kiingereza tu. Kinachozitenganisha hasa ni nyaraka: kila upande una karatasi zake, na karatasi hizo ndizo zitakazoamua ujifunze lugha gani, uandike tasnifu ya namna gani, na ushinde siku nzima ukisoma kitu gani. Ndiyo maana nashauri uchague kwa kuangalia karatasi kwanza, mada baadaye.

Swali moja, majibu mawili

Tuchukue swali ambalo halikosekani popote: Hitler aliingiaje madarakani?

Mwalimu wa historia ya siasa ataanza na Ibara ya 48 ya Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1919, iitwayo ya Weimar, iliyompa rais uwezo wa kutawala kwa amri za dharura. Tangu Machi 1930 Kansela Heinrich Brüning hakuwa na wingi bungeni, akawa anaegemea amri hizo na saini ya Rais Paul von Hindenburg. Julai mwaka huo bunge, yaani Reichstag, likakataa amri yake ya bajeti. Likavunjwa, na kwenye uchaguzi wa Septemba Wanazi wakaruka kutoka viti 12 vya mwaka 1928 hadi 107. Julai 1932 wakafika 230, kwa asilimia 37.3 ya kura. Halafu Novemba mwaka huohuo wakateremka hadi 196, kura kama milioni mbili zikiwa zimewakimbia.

Hapo ndipo mwanafunzi hukaa sawa kwenye kiti. Chama kinashuka, na miezi mitatu haijatimia kiongozi wake ni kansela. Imekuwaje?

Jibu la upande huu limo ndani ya vyumba vichache. Tarehe 4 Januari 1933 Franz von Papen, kansela wa zamani aliyekuwa na kinyongo na Kurt von Schleicher aliyekalia kiti chake, alikutana faraghani na Hitler nyumbani kwa Kurt von Schröder, mwenye benki wa Cologne. Wiki zilizofuata zilikuwa za kupelekeana maneno kati ya Papen, Oskar von Hindenburg aliyekuwa mtoto wa rais, na watu wachache wa karibu na mzee. Schleicher akaomba bunge livunjwe, akanyimwa, akajiuzulu tarehe 28. Tarehe 30 Hitler akaapishwa pamoja na baraza la mawaziri lenye Wanazi watatu tu: yeye, Wilhelm Frick na Hermann Göring. Wengi wa waliobaki walikuwa wahafidhina waliodhani wamemtia mfukoni. Tarehe 23 Machi bunge likapitisha, kwa kura 444 dhidi ya 94, sheria iliyoiruhusu serikali kutunga sheria bila bunge. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamekamatwa au wamejificha, na wajamaa wa SPD ndio peke yao waliosema hapana.

Utamu wa kusoma hivi ni kwamba unauona kila mlango ambao ungeweza kufungwa, na unamjua kwa jina aliyeuacha wazi.

Sasa mpe swali hilohilo mwalimu wa historia ya jamii. Yeye hahangaiki sana na nani alikunywa chai na nani Cologne. Anauliza: wale watu zaidi ya milioni 13 waliowapigia kura Wanazi Julai 1932 ni akina nani? Kura ni ya siri, hakuna daftari linalosema jirani fulani alimchagua nani. Kilichopo ni matokeo ya kila wilaya na takwimu za sensa. Unaweka safu hizi mbili bega kwa bega, wilaya baada ya wilaya, unatafuta zinapokwenda pamoja na zinapoachana.

Watafiti waliofanya hesabu hizo waliibuka na mambo yanayochana desa nyingi. Wilaya za Waprotestanti ziliwapa Wanazi kura nyingi kuliko za Wakatoliki. Kule Schleswig-Holstein, kaskazini kwa wakulima, walivuka nusu ya kura zote. Na wale wasio na kazi, ambao mwanzoni mwa 1932 walioandikishwa walikuwa kama milioni sita, na ambao kila insha ya mwaka wa kwanza huwatupia lawama? Hao walielekea zaidi kwa Wakomunisti. Aliyekimbilia kwa Hitler kwa wingi alikuwa mtu mwenye kitu kidogo cha kupoteza: mwenye duka, mkulima mwenye deni, mstaafu ambaye akiba yake iliyeyuka kwenye mfumuko wa bei wa 1923, wakati dola moja ya Marekani ilipofika marki trilioni 4.2.

Lakini angalia mtego wake. Wilaya yenye Waprotestanti wengi ikiwa na kura nyingi za Wanazi, hiyo peke yake haithibitishi kwamba ni Waprotestanti waliozipiga. Huenda ni wachache waliobaki ndani ya wilaya hiyohiyo. Kozi nzuri ya historia ya jamii itakushikisha hesabu hizi kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo waliokuja kufuata hadithi huanza kuulizia utaratibu wa kubadilisha kozi.

Nani ana jibu bora? Kwa Januari 1933 nawapa ushindi watu wa siasa. Hesabu za wilaya haziwezi kueleza kwa nini ilikuwa Januari, kura zikiwa zinapungua, na si Julai zilipokuwa kileleni. Kwa miaka iliyofuata mizani inageuka. Chukua polisi wa siri, Gestapo. Picha tuliyonayo vichwani ni ya dola yenye jicho kila ukuta. Mafaili ya Gestapo ya mji wa Würzburg yalinusurika vita, na waliosoma ndani yake walikuta ofisi yenye maofisa wasiofika 30 kwa eneo lenye watu laki nyingi. Ofisi ya ukubwa huo haiwezi kumsikiliza kila mtu. Iliwezaje basi? Watu walichongeana. Barua na taarifa zilikuja zenyewe: mpangaji kamchongea mwenye nyumba, mke kamchongea mume, mfanyabiashara kamchongea mshindani kwamba bado ananunua kwa Myahudi. Mengi yalianza kwenye ugomvi wa ngazi na uani. Ukisoma amri za Berlin peke yake hutaliona jambo hili, kwa sababu hakuna aliyeliamuru kwa namna hiyo.

Karatasi utakazoshinda nazo

Nyaraka za siasa zina sifa moja ambayo mwanafunzi wa Afrika Mashariki asiidharau: zimechapishwa, zimetafsiriwa, na nyingi ziko mtandaoni bure. Kumbukumbu za mahakamani za kesi kubwa ya Nuremberg, ya viongozi wa Wanazi, zipo kwa Kiingereza. Nyaraka za wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani zilizotekwa mwaka 1945 zilitafsiriwa kwa mafungu na kuchapishwa. Mijadala ya bunge la Uingereza, Hansard, unaisoma kwenye simu ukiwa ndani ya daladala. Kwa hiyo unaweza kuandika tasnifu nzuri kuhusu mkutano wa Munich wa Septemba 1938 bila kujua Kijerumani, ilimradi uwe mkweli kuhusu ulichosoma na ambacho hukusoma.

Karatasi za historia ya jamii hazina bahati hiyo. Hakuna aliyekaa kutafsiri mashauri ya talaka ya mahakama ya Lyon, wala daftari la kliniki ya Kyiv, wala barua za wafanyakazi wa kiwanda cha Turin. Nyingi hazikuchapwa hata kwa lugha yake. Ukitaka Ujerumani, utahitaji Kijerumani cha kusoma kwa raha, na juu yake mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani vijana wa leo huukodolea macho. Taasisi ya Goethe ipo Nairobi na Dar es Salaam, na Alliance Française pia, kwa hiyo njia ipo. Ila hesabu mwaka mzima na zaidi kabla hujaweza kuzinywa nyaraka bila kamusi mkononi, na hesabu ada yake kando ya bumu.

Nikiongeza moja nje kidogo ya mada: Kijerumani hicho, pamoja na mwandiko huo, hakipotei bure ukirudi nyumbani. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yamelala kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na wanaoweza kuyasoma ni wachache.

Kuna nchi moja inayovunja kanuni hii, nayo ni Uingereza. Kwa Kiingereza chako cha kawaida unapata historia ya jamii yenye karatasi tele. Mwaka 1937 lilianzishwa kundi la Mass-Observation, likawaomba watu wa kawaida waandike shajara na kujibu maswali kuhusu maisha yao. Siku ya kutawazwa kwa Mfalme George VI, tarehe 12 Mei 1937, watu wake waliandika walichokiona na kukisikia mitaani, pamoja na mazungumzo ya baa na porojo za kwenye basi. Vita vilipoanza shajara ziliendelea, za akina mama wa nyumbani, makarani, walimu. Hifadhi yake inatunzwa na Chuo Kikuu cha Sussex. Ukisoma ukurasa mmoja wa mama anayelalamikia majarini siku ambayo magazeti yanaimba ushindi, utajua papo hapo kama historia ya aina hii ni yako au si yako.

Mbao mbili za Gdańsk

Kuna matukio yanayokataa kupangwa kwenye kozi moja. Agosti 1980, kwenye kiwanda cha meli cha Lenin huko Gdańsk, Poland, mwendesha winchi Anna Walentynowicz alifukuzwa kazi ikiwa imebaki miezi michache astaafu. Tarehe 14 wenzake wakagoma, wakitaka arudishwe, pamoja na Lech Wałęsa, fundi umeme aliyekuwa amefukuzwa kabla yake. Siku chache baadaye madai 21 yaliandikwa kwa mkono kwenye mbao mbili na kutundikwa langoni.

Dai la kwanza ni vyama huru vya wafanyakazi. Kwenye nchi ya kikomunisti hilo ni bomu la siasa, na serikali ilipotia saini tarehe 31 Agosti lilitikisa mpaka Moscow. Lakini shuka chini kwenye orodha. Wanataka vyakula vitoshe madukani na kinachosafirishwa nje kiwe ziada tu. Wanataka kadi za mgao wa nyama. Wanataka nafasi za chekechea kwa watoto wa mama wanaofanya kazi, likizo ya uzazi ya miaka mitatu yenye malipo, kusubiri nyumba kupunguzwe. Dai la 21 ni Jumamosi zote ziwe za mapumziko.

Mwalimu wa siasa atakaa kwenye dai la kwanza na kukupeleka moja kwa moja hadi utawala wa kijeshi wa Desemba 1981 na uchaguzi wa Juni 1989. Wa jamii atakaa kwenye foleni ya nyama na kuuliza nani alikuwa anasimama kwenye foleni hiyo alfajiri kabla ya zamu. Mimi kwa Poland naona wa jamii anatangulia, kwa sababu bila foleni hiyo huwezi kueleza jinsi Solidarność, chama huru kilichozaliwa na mgomo huo, ilivyofika wanachama kama milioni kumi ndani ya mwaka mmoja. Milioni kumi hawakuwa wanafalsafa wa demokrasia.

Insha, mtihani na kazi

Kwenye mtihani historia ya siasa ina huruma zaidi. Swali lina mwanzo na mwisho, tarehe zinakushika mkono, na ukikwama unaweza kuanza na mfululizo wa matukio huku ukitafuta hoja. Hatari yake ni hiyohiyo: unaandika kalenda badala ya hoja, na msahihishaji anakuandikia pembeni "kwa hiyo?". Insha ya historia ya jamii haikupi ngazi hiyo. Lazima uje na dai, kwa mfano kwamba vita vya 1914 hadi 1918 viliwaingiza wanawake viwandani lakini amani ikawarudisha wengi majumbani, halafu ulitetee kwa ushahidi wa vipande vipande. Hatari yake ni lundo la visa vitamu ambavyo havijengi kitu, na dola kusahaulika kabisa kana kwamba watu waliishi bila kodi wala polisi.

Kazi? Sijaona mwajiri anayetofautisha. Anayelenga wizara ya mambo ya nje au dawati la habari za kimataifa atajisikia nyumbani zaidi kwenye siasa. Anayelenga utafiti, makumbusho au mashirika ya maendeleo atanufaika na hesabu na mahojiano ya historia ya jamii. Zaidi ya hapo cheti ni kimoja.

Basi uchukue ipi

Kama huna lugha ya tatu na huna mpango wa kuitafuta, na moyo wako uko Urusi, Ujerumani au Hispania, chukua siasa. Utafika mbali zaidi kwa nyaraka zilizokwisha kutafsiriwa kuliko ukijilazimisha kwenye historia ya jamii ya nchi ambayo karatasi zake huwezi kuzisoma, ukabaki kurudia hitimisho la wengine.

Kama huna lugha ya tatu lakini unavutiwa na maisha ya watu, chukua jamii na ukae Uingereza. Ripoti ya William Beveridge ya Desemba 1942 kuhusu hifadhi ya jamii, ushindi wa chama cha Labour wa viti 393 mwaka 1945, huduma ya afya ya taifa iliyoanza tarehe 5 Julai 1948, mgao wa chakula uliodumu hadi 1954: yote unayapata kwa macho ya serikali na ya mama wa jikoni, kwa lugha moja.

Kama uko tayari kujifunza Kijerumani, Kifaransa au Kirusi, au tayari unacho Kifaransa kama wasomaji wengi wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi, nakusukuma kwenye historia ya jamii bila kusita. Kifaransa kinakufungulia Ufaransa na Ubelgiji pamoja na hifadhi ambazo wengi wa wenzako wa Dar na Nairobi hawawezi kuzigusa.

Aliyetoka kidato cha sita akiwa na tahasusi yenye hisabati au uchumi, naye aipe jamii nafasi. Anayeogopa namba aulize kwanza kama kozi ina sehemu ya takwimu, maana nyingine hazina kabisa.

Na kuna mada moja ya tasnifu ambayo nashangaa haichukuliwi na wengi zaidi, kwa kuwa inakaa pande zote mbili na karatasi zake ziko kwa Kiingereza: mradi wa karanga wa Tanganyika. Julai 1946 serikali ya Clement Attlee ilianza kugawa mkate kwa mgao, jambo ambalo halikufanyika hata wakati wa vita. Mafuta ya kula yalikuwa haba. Chama cha akina mama wa nyumbani, British Housewives' League, kilikuwa kinapiga kelele. Mwaka huohuo mpango ukatangazwa wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu za karanga ng'ambo, sehemu kubwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, chini ya John Strachey, waziri wa chakula. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukakauka kama saruji msimu wa kiangazi, mibuyu ikagoma kung'oka, na Januari 1951 mradi ukafutwa kwa hasara ya takribani pauni milioni 36.

Ukiuandika kama siasa, ni habari ya wizara iliyokimbilia ramani kabla ya kupima udongo, na upinzani uliopata fimbo ya kuichapia Labour. Ukiuandika kama historia ya jamii, unaanzia kwenye foleni ya majarini huko Uingereza na kuishia kwenye kambi za vibarua Kongwa. Faili za wizara ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London. Za upande wa Tanganyika zitafute Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Hansard haikudai nauli, kwa hiyo anzia hapo, mwaka 1949, wabunge wanapombana Strachey kuhusu hesabu za mradi. Ukimaliza kurasa hizo na ukajikuta unataka kujua zaidi kuhusu Strachey, jiandikishe siasa. Ukijikuta unajiuliza dereva wa trekta alilipwa shilingi ngapi, nenda ng'ambo ya pili.